Maswali ya Wasomaji: Udongo wa Mpunga Chini ya Maji

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinauliza kinachotokea ndani ya udongo wa jaruba maji yakishasimama. Tumechagua zitakazowafaa wengi, na zilizofanana tumeziunganisha.

SWALI: Ndugu mtaalamu, nimepima udongo wa jaruba langu maabara, majibu yakaja pH 5.0 (kipimo cha tindikali: chini ya 7 ni tindikali, juu yake ni alkali). Nimeshauriwa kuweka chokaa tani 2 kwa hekta. Jirani yangu anasema mpunga wa majini hauna haja ya chokaa. Nimsikilize nani?

JIBU: Maabara haijakudanganya, ila imepima udongo uliokaushwa, na mpunga wako hautakua humo. Maji yakijaa, hewa iliyomo kwenye vitundu vya udongo hutolewa. Oksijeni hupenya majini polepole mno, kama mara 10,000 chini ya kasi yake hewani, hivyo ile iliyobaki huliwa na bakteria na mizizi ndani ya saa chache, au siku moja mbili hivi. Baada ya hapo wanashika zamu bakteria wanaotumia chuma kilichomo kwenye udongo, chuma cha rangi ya kutu, badala ya oksijeni. Kazi hiyo hula tindikali: kwa hesabu ya jumla, kila atomu moja ya chuma inayoyeyushwa huondoa ioni 2 za haidrojeni, yaani chembe zinazoleta tindikali. Ndiyo maana udongo wa pH 5 ukikaa chini ya maji wiki 3 au 4 hupanda hadi karibu 6.5, pengine hata 7. Udongo wa alkali, tuseme pH 8, hushuka kuelekea 7, kwa sababu kaboni dioksidi inayotolewa na vijidudu hujikusanya humo na kugeuka tindikali hafifu. F. N. Ponnamperuma, mwanakemia wa udongo kutoka Sri Lanka aliyefanya kazi katika IRRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga iliyoko Los Baños, Ufilipino, alieleza kwa kina jinsi udongo wa aina nyingi tofauti unavyokutana katikati namna hii.

Jirani yako basi ana haki, lakini si kila mahali. Udongo wenye mboji kidogo sana au chuma kidogo hubaki na pH ya chini hata ukizama, maana bakteria hawana chakula, au hawana chuma cha kutumia. Fanya jaribio hili kabla ya kununua chokaa: jaza udongo nusu chupa ya plastiki yenye mdomo mpana, mimina maji safi yasimame sentimita 3 juu yake, weka kivulini wiki 3 hadi 4, kisha pima pH ya tope la chini bila kulikoroga. Ikifika 6 au zaidi, chokaa kwa ajili ya mpunga ni fedha iliyopotea. Ikibaki chini ya 5.5, au kama baada ya mpunga unapanda mahindi au maharage katika eneo lilelile, chokaa ina kazi. Maji yakiondoka, chuma hurudi kuwa kutu, tindikali hutolewa upya, na pH hushuka ilikotoka.

Jambo hilohilo linaihusu fosforasi. Sehemu kubwa ya fosforasi ya udongo mwekundu imefungwa na chuma. Chuma kikiyeyuka, fosforasi hufunguka, kwa hiyo kipimo cha udongo mkavu mara nyingi huonyesha upungufu ambao mpunga hautauona. Zao la nchi kavu linalofuata ndilo hutaabika, kwa kuwa kutu mpya inayojijenga jaruba likikauka huikamata fosforasi kwa nguvu kuliko ile ya zamani. Mahindi ya baada ya mpunga yakigeuka zambarau, anza kufikiria hapo.

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwanafunzi wa kilimo. Tumeambiwa bakteria wa majaruba "wanapumua" vitu vingine oksijeni ikiisha, kwa zamu. Zamu hizo zinapangwaje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Zinapangwa kwa faida. Bakteria hupata nguvu kwa kuvunja mabaki ya mimea na kukabidhi elektroni kwa kitu fulani, na kitu kinacholipa zaidi hutumika kwanza. Ya kwanza ni oksijeni. Hufuata nitrati, inayokwisha katika siku chache. Kisha manganizi, kisha chuma ambacho huchukua wiki kadhaa kwa sababu ni kingi, kisha salfeti, na mwisho kabisa kaboni dioksidi na asidi ya asetiki, ambapo arkea, vijidudu vinavyofanana na bakteria, hutengeneza gesi ya methani. Ukichomeka elektrodi ya platinamu kwenye tope utaziona zamu hizo kwa milivolti: udongo wenye hewa husoma +400 na kuendelea, nitrati hupotea karibu na +250, chuma huyeyuka kwa wingi karibu na +100, salfeti hugeuka sulfidi karibu na −150, na methani huanza ukipita −200. Usizichukue namba hizi kama mipaka ya ukuta, kwa kuwa pH huzisogeza. Tena ndani ya bonge moja la tope zamu mbili tatu huendelea kwa pamoja.

Kati ya bakteria wa chuma anayejulikana zaidi ni Geobacter. Kwa upande wa methani utasikia majina Methanosarcina na Methanocella. Ila kabla ya majina, jifunze kuangalia. Kata bonge la tope kwa kisu kutoka juu kwenda chini: ngozi ya juu, milimita chache hadi sentimita moja, ina rangi ya kahawia. Chini yake ni kijivu au buluu iliyofifia. Ngozi hiyo nyembamba ina oksijeni inayotoka kwenye maji, na chini yake haipo. Karibu kila swali la mbolea ya mpunga linajibiwa na mstari huo unaotenganisha kahawia na kijivu.

SWALI: Naweka urea kwa kuirusha kwenye maji, kama wenzangu wote. Mpunga unakuwa kijani wiki moja tu, kisha unarudi njano. Je, urea siku hizi ni dhaifu?

JIBU: Urea yako ni nzima, ina asilimia 46 ya naitrojeni. Tatizo ni mahali unapoiweka, na inapotea kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni hewani. Urea ikiyeyuka hugeuzwa amonia na kimeng'enya cha vijidudu katika siku 2 hadi 5. Wakati huo mwani uliomo majini unafyonza kaboni dioksidi juani, na pH ya maji hupanda adhuhuri hadi 9, mara nyingine zaidi. Katika pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia iko katika hali ya gesi. Katika pH 9 ni zaidi ya theluthi, na upepo huibeba. Kurusha jioni hakusaidii sana, kwa kuwa adhuhuri ya kesho na keshokutwa bado zinaisubiri.

Njia ya pili ni ule mstari tuliomwonyesha mwanafunzi. Amonia iliyobaki kwenye ngozi ya juu yenye oksijeni hugeuzwa nitrati na bakteria. Nitrati haishikwi na udongo, huzama hadi tabaka la kijivu, na huko bakteria wasio na oksijeni huitumia mara moja na kuirudisha hewani kama gesi ya naitrojeni. Ndiyo maana hatushauri kabisa mbolea ya nitrati, kama CAN, ndani ya jaruba lenye maji. Nusu ya naitrojeni yake ni nitrati, na sehemu kubwa ya nusu hiyo itapotea.

Dawa ni kuiweka mbolea chini ya mstari, kwenye tabaka la kijivu, ambako amoniamu (amonia ikiwa haijawa gesi) hubaki amoniamu na kushikwa na udongo wa mfinyanzi. Kwa mbolea ya mwanzo, punguza maji hadi tope libaki wazi, rusha urea, ichanganye na udongo wa sentimita 10 hadi 15 katika kuchabanga kwa mwisho, kisha ingiza maji siku hiyohiyo. Ukiiacha siku tano juu ya udongo ulio na unyevu kabla ya kuzamisha, umeipa nafasi ya kugeuka nitrati, na utaipoteza yote kwa mkupuo maji yakiingia.

Kama vidonge vikubwa vya urea vinapatikana, hiyo ndiyo njia tunayoipenda zaidi. Panda kwa mistari, sentimita 20 kwa 20. Siku 7 hivi baada ya kupandikiza, maji yakiwa sentimita 2 hadi 3, chomeka kidonge kimoja katikati ya kila mashina manne, kina cha sentimita 7 hadi 10, kisha ziba tundu kwa tope. Kidonge cha gramu 1.8 kwa nafasi hiyo ni vidonge 62,500 kwa hekta, yaani kilo 112 na nusu za urea, au kilo 52 hivi za naitrojeni. Cha gramu 2.7 hutoa kilo 78 hivi. Fundisha vibarua wasiache matundu wazi na wasirudi kukanyaga walipochomeka. Kwenye udongo wa kichanga unaopitisha maji haraka usitumie njia hii, kwani amoniamu itateremka chini ya mizizi.

Ukilazimika kurusha mbolea ya kukuzia, punguza maji yabaki utando tu, rusha, na rudisha maji polepole baada ya siku moja ili yaishushe mbolea ndani ya tope. Awamu ya pili iwekwe mpunga unapoanza kutunga suke ndani ya shina. Wakati huo majani yameshafunika maji, mwani hauna jua la kutosha, pH haipandi sana, na mizizi imejaa hadi juu ya tope ikiisubiri. Mpunga mchanga, wenye maji wazi kati ya mistari, ndio unaopoteza zaidi.

SWALI: Wiki 3 baada ya kupandikiza, majani yana vidoa vya kahawia na mpunga umedumaa. Mmoja aliniambia ni sumu ya chuma, mwingine upungufu wa zinki. Nitajuaje?

JIBU: Anza na mahali. Sumu ya chuma hupenda udongo wenye tindikali, mabonde yanayopokea maji yanayochuruzika kutoka miinuko ya udongo mwekundu, na udongo uliokonda potasiamu. Upungufu wa zinki hupenda pH ya juu ya 7, mashamba yasiyokauka mwaka mzima, na yale yenye mabaki mengi ya mimea. Kisha angalia jani. Chuma huanzia kwenye majani ya chini: vidoa vidogo sana kwenye ncha, vinavyoshuka kuelekea shinani hadi jani zima linakuwa na rangi ya shaba. Zinki huanza na jani changa: mshipa wa katikati hupauka karibu na shina, kisha madoa ya kahawia hujitokeza kwenye majani ya chini. Shamba lenye upungufu wa zinki huwa na mabaka, hapa mpunga mzuri, hatua mbili mbele umedumaa.

Kama bado una shaka, toa maji kwanza. Kukausha kidogo hupunguza chuma kilichoyeyuka na pia hufungua zinki, hivyo hukosei kwa vyovyote vile. Wakati huohuo pima eneo dogo, mita 5 kwa 5: changanya gramu 5 za zinki salfeti na gramu 2.5 za chokaa iliyozimwa katika kila lita ya maji, chuja, nyunyizia majani. Chokaa huzuia majani kuungua. Majani mapya yakitoka kijani ndani ya siku 7 hadi 10, jibu umelipata.

Ikiwa ni zinki, msimu ujao rusha kilo 25 za zinki salfeti kwa hekta juu ya tope baada ya kusawazisha, bila kuizika na bila kuichanganya na mbolea ya fosfeti. Njia ya bei nafuu zaidi ni kuchovya mizizi ya miche kwenye uji wa zinki oksidi, gramu 20 hadi 40 kwa lita, kabla tu ya kupandikiza.

Ikiwa ni chuma, usipandikize mara baada ya kujaza maji. Subiri siku 10 hadi 20 kilele cha chuma kipite. Weka potasiamu ya kutosha, maana mzizi wenye njaa ya potasiamu hushindwa kukizuia chuma mlangoni. Siku 25 hadi 30 baada ya kupandikiza, ondoa maji kwa siku 7 hadi 10, udongo ubaki na unyevu usipasuke.

SWALI: Ninang'oa shina naona mizizi myekundu kama kutu. Shamba jingine ni myeusi. Ipi mbaya?

JIBU: Wekundu ni afya. Mpunga una njia za hewa ndani ya shina zinazoshusha oksijeni hadi mizizini. Oksijeni hiyo huvuja, hukigandisha chuma juu ya ngozi ya mzizi, na kuzuia kingine kisiingie. Weusi ni sulfidi ya chuma, ishara kwamba mzizi umeishiwa nguvu ya kutoa oksijeni. Uache mzizi mweusi hewani: weusi ukififia kidogo kidogo na kuwa kahawia, ndiyo wenyewe. Toa maji siku chache, na simamisha mbolea zenye salfeti.

Linalotutia hofu zaidi ni udongo wa kichanga unaonuka yai bovu lakini mizizi haina weusi mwingi. Hapo chuma hakitoshi kuikamata sulfidi, na gesi yake iko huru inaua mizizi. Japani ugonjwa huu huitwa akiochi: mpunga hupendeza mwanzoni, kisha huporomoka karibu na kukomaa. Wakulima wa huko waliutibu kwa kuleta udongo wenye chuma kingi na kuuchanganya na ule uliochoka.

SWALI: Nikizika mabua ya mpunga, miche inakuwa njano na nikikanyaga tope linatoa mapovu mengi. Bora niyachome?

JIBU: Usiyachome, tunakuomba. Tani 1 ya mabua ina naitrojeni kilo 5 hadi 8, potasiamu kilo 12 hadi 17, na silikoni kilo 40 hadi 70. Moto huondoa karibu naitrojeni yote.

Kosa ni tarehe. Mabua yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo, na vijidudu vinavyoyaozesha hukopa naitrojeni ya udongo, ndiyo njano unayoiona. Yakiozea majini hutoa pia asidi za asetiki na butiriki zinazochoma mizizi michanga kwa wiki 2 au 3 za mwanzo. Na mapovu ni methani, kwa sababu umewapa arkea karamu. Zika mabua mara baada ya kuvuna, udongo ukiwa na unyevu wa kawaida, siku 30 au zaidi kabla ya kujaza maji, yaoze kukiwa na hewa. Njano itapungua, asidi zitakwisha, na methani itashuka sana. Ukikosa muda huo, zika nusu, nusu nyingine iende kwenye lundo la mboji.

SWALI: Tunashauriwa kunywesha na kukausha kwa zamu badala ya kuacha maji yasimame. Kuna hatari gani?

JIBU: Utaratibu kwanza. Chukua bomba la sentimita 30 lenye upana wa 10 hadi 15, toboa matundu sehemu ya chini, lizike sentimita 15 hadi 20, toa udongo uliomo ndani. Wiki 2 baada ya kupandikiza, acha maji yashuke. Yakifika sentimita 15 chini ya uso wa udongo, nywesha hadi sentimita 5 juu. Tangu wiki moja kabla ya kuchanua hadi wiki moja baada ya kuchanua, usikaushe. Oksijeni inayoingia huwavuruga arkea, na methani hupungua kwa kiasi kikubwa.

Hatari ya kwanza ni naitrojeni: kila ukikausha nitrati hutengenezwa, kila ukinywesha hupotea, na sehemu yake hutoka kama naitrasi oksidi. Weka urea udongo ukiwa umekauka juu, siku ileile unaponywesha. Ya pili ni metali zenye sumu. Maji yaliyosimama huyeyusha aseniki na kuipeleka kwenye punje, huku yakiifunga kadmiamu. Kukausha hufanya kinyume. Basi penye aseniki, kausheni. Penye kadmiamu, kama mashamba yaliyo chini ya migodi ya zinki, fuateni desturi ya Japani: maji yasimame wiki 3 kabla na wiki 3 baada ya masuke kutoka. Ya tatu ni ardhi iliyokuwa mikoko. Ina pairaiti, madini ya chuma na salfa, ambayo ikiguswa na hewa huzaa asidi ya salfuriki na pH huanguka chini ya 4. Hapo msikaushe kabisa.

SWALI: Azola, ule mmea mdogo unaoelea majini, iliyojaa jarubani inanufaisha mpunga uliopo, au niitoe?

JIBU: Ikiwa hai haitoi naitrojeni nyingi. Bakteria wa kijani-buluu wanaoishi ndani ya majani yake huivuta kutoka hewani, lakini mmea huishika hadi ufe. Punguza maji, ikandamize ndani ya tope, na wiki chache baadaye mpunga utakula. Tandiko lililofunika jaruba lote hubeba kilo 20 hadi 40 za naitrojeni kwa hekta. Ikibadilika nyekundu na kugoma kuongezeka, mara nyingi inadai fosforasi.

SWALI: Nichukueje sampuli ya udongo uliozama ili majibu yasipotoke?

JIBU: Kwa rutuba ya kawaida, chukua kabla ya kujaza maji, sehemu 10 hadi 15 za jaruba, kina cha sentimita 0 hadi 15, changanya, kausha kivulini. Kwa pH halisi, chuma kilichoyeyuka au vijidudu, chukua tope lenyewe kwa bomba, jaza chupa hadi mdomoni bila kuacha nafasi ya hewa, funga, weka kwenye barafu na lifike maabara siku hiyo. Usiligandishe kama unataka kupima shughuli za vijidudu. pH na Eh (zile milivolti za elektrodi) zipimwe shambani, kifaa kikiwa kimechomekwa ndani ya tope, maana tope likiachwa wazi chuma huanza kuwa kutu na namba zinabadilika ukiwa bado njiani.